Falsafa ya Kiafrika isingojee mwaka wa tatu

Mhariri,

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusomea falsafa katika chuo kikuu kimoja cha umma. Jioni tatu mfululizo tumekaa naye barazani hapa Langoni, orodha ya kozi za miaka minne mikononi, tukipanga atasoma nini na lini. Mimi nilifundisha Kiswahili shule za sekondari kwa miaka 31. Falsafa naijua kwa kujisomea tu, lakini orodha ile ina jambo lililoniuma.

Mantiki imewekwa muhula wa kwanza, na hapo sina neno. Kisha wanafalsafa wa Ulaya: Plato, Aristotle, Descartes, Kant. Sawa. Falsafa ya Kiafrika inajitokeza mwaka wa tatu, tena ni kozi ya hiari. Yaani mtoto anaweza kuvishwa joho bila kufungua hata ukurasa mmoja wa mwanafalsafa Mwafrika.

Mimi nikaanzia kule walikomalizia. Nilimpa asome kwanza John Mbiti, Mkenya mwenzetu, kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akayajengea hoja: kwamba katika fikra za jadi wakati uliopo na uliopita ndio wenye uzito, na ujao karibu haupo. Vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu alivyovichunguza, alisema, havivuki miaka miwili mbele.

Msichana alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu vidole. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. "Mjomba, maneno haya ni ya nini basi?" Nikamwambia hizo ni siku nne, na Mbiti hakukana siku nne. Akataja mnazi: apandaye leo anajua atangoja miaka kadhaa ndipo aangue nazi. Nikamjibu kwamba mambo yanayofuata mzunguko wa maumbile Mbiti ameyatengea mahali pake. Akafikiri tena. "Na wakfu je? Mtu anatoa shamba liwe la msikiti mpaka kiyama." Huo ni wa Uislamu, nikasema, naye Mbiti anazungumzia jadi. Hapo akakasirika kwa adabu. Akanikumbusha Shanga, kule kisiwani Pate, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta msikiti wa karne ya 8. "Miaka zaidi ya 1,000, mjomba, bado si jadi yetu?"

Sikuwa na jibu, na nilifurahi kukosa. Sasa yuko tayari kumsoma Paulin Hountondji wa Benin, aliyekataa kwamba kabila zima linaweza kuwa na fikra moja ikaitwa falsafa. Atamsoma akiwa na swali lake mwenyewe kifuani, hatamsoma kwa ajili ya mtihani tu.

Wanaopanga kozi hudhani, nadhani, kwamba mwanafunzi apewe kwanza Wazungu ndipo aweze kuwaelewa Waafrika. Mimi naona faida iko upande wa pili. Jioni ya tatu tulimfikia Descartes. Nilimwomba atafsiri ile kauli yake mashuhuri. "Nafikiri, kwa hiyo nipo," akasema haraka. Nikamwuliza, upo wapi? Maana -po ya Kiswahili ni ya mahali. Hatuna namna nyepesi ya kusema mtu yupo pasipo kumpa pa kuwapo. Naye Descartes alitaka kusema kwamba nafsi inayofikiri haihitaji mahali popote. Kwasi Wiredu wa Ghana aliliona jambo hili hili katika Kiakan, lugha ya kwao, akashauri kila dhana tuliyoipokea tuipime kwa lugha zetu. Mwanafunzi anayeanza na Wiredu atamsoma Descartes kwa makini zaidi, kwa sababu kila sentensi ataifikiri mara mbili.

Mwaka wa nne kuna utafiti wa mwisho. Marehemu Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wa vijijini, akatenganisha anayekariri hekima ya watu wake na yule anayeihoji. Mpwa wangu angependa kufanya vivyo hivyo na mafundi wa majahazi wa Matondoni. Lakini kozi ya kumwandaa kwa kazi hiyo akiipata mwaka wa tatu, au akaikosa kabisa, atawauliza maswali gani wazee wale?

Ombi langu kwa wakuu wa idara: ihamisheni kozi hiyo mwaka wa kwanza, na iwe ya lazima. Na wahadhiri wanaosoma ukurasa huu, kama kuna andiko la falsafa kwa Kiswahili mnalolitumia darasani, tutajieni. Mwezi ujao anavuka kwenda Mokowe kupanda basi, na begi lake bado lina nafasi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu