Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Osaka

Marahaba mwanangu,

Kurasa 31 za pendekezo lako la utafiti zimefika. Nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi. Umeandika kwa mpangilio mzuri, na pale unapoeleza kwa nini Mjapani wa mjini bado anasoma riwaya za miaka ya 1960 ndani ya treni, nilimwita mama yako nikamsomea kwa sauti. Lakini nimehesabu. Shiba Ryotaro ametajwa kwenye tanbihi mara 14, na mara 11 umemsimamisha kama shahidi: Shiba anathibitisha hili, kwa mujibu wa Shiba lile lilitokea. Hilo ndilo limenikosesha usingizi, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hujibu "sawa baba" kabla sijamaliza.

Shiba ni mwandishi wa riwaya. Naomba ulibandike hilo mahali utakapoliona kila ukikaa kuandika.

Umeandika kwamba alizaliwa Osaka tarehe 7 Agosti 1923, jina lake halisi Fukuda Teiichi. Maana ya jina la kalamu umeipita mbio, na mimi ningeanzia hapo. "Shiba" ndivyo Wajapani wanavyolisoma jina la ukoo la Sima Qian, mwanahistoria mkuu wa China ya kale, na "Ryo" ni umbali. Yaani, niko mbali sana na Sima Qian, simfikii. Mtu ametangaza kwenye jalada la kila kitabu chake kwamba hajafika kwa mwanahistoria, nawe unamkalisha kwenye kiti kile kile.

Alisoma Kimongolia katika shule ya lugha za kigeni ya Osaka, enzi hizo ikiwa mtaa wa Uehommachi. Shule ile ilikuja kuwa chuo kikuu, na mwaka 2007 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Ndiko unakokwenda, na ndiko Kiswahili nacho kinakofundishwa leo. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko nilivyokuonyesha siku ulipoleta barua ya kukubaliwa.

Mwaka 1943 wanafunzi wa vyuo walitolewa madarasani wakapelekwa jeshini, naye akaangukia upande wa vifaru. Alifunzwa Siping, Manchuria, kaskazini-mashariki ya China. Kifaru chao, Aina ya 97, kilikuwa na uzito wa tani kama 15, bamba lake nene kuliko yote lilikuwa la milimita 25, na mzinga wake mfupi wa milimita 57 ulifaa kupiga askari wa miguu na maficho ya bunduki, siyo kutoboa kifaru kingine. Jeshi lilikuwa limeshaonjeshwa nguvu ya Wasovieti katika mapigano ya mpakani ya Nomonhan mwaka 1939, na bado vijana wakaingizwa ndani ya chuma kile. Mwaka 1945 kikosi chake kikarudishwa Japani, Sano, kaskazini ya Tokyo, kuwangoja Wamarekani watue. Hapo ndipo penye kile kisa unachokipenda. Aliuliza, tukiteremka na vifaru kuelekea pwani tukakuta barabara imejaa raia wanaokimbia Tokyo, tufanyeje? Ofisa wa makao makuu akajibu kwamba wawakanyage wapite. Shiba alikisimulia tena na tena, na alisema riwaya zake ni kama barua kwa yeye mwenyewe wa miaka 22, aliyekuwa akijiuliza nchi yake imefikaje pale.

Wewe umekiweka kama tukio lililothibitika. Wapo watafiti waliokitilia shaka, maana mzizi wake ni kauli ya Shiba mwenyewe. Sisemi alidanganya. Nasema andika "Shiba alisimulia kwamba", maneno matatu tu, ili mtahini asipate pa kukushika.

Sura yako ya Sakamoto Ryoma, samurai wa miaka ya mwisho ya utawala wa mashogun, ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa ndiyo tamu zaidi. Riwaya ya Shiba kumhusu ilitoka kipande kwa kipande kwenye gazeti la Sankei kuanzia 1962 hadi 1966, gazeti lile lile alilokuwa mwandishi wake wa habari mpaka 1961. Ryoma anayependwa leo, mcheshi, mchafu wa nguo, anayeona mbali kuliko wenzake, kwa sehemu kubwa ni mtoto wa kalamu ya Shiba. Tazama herufi. Jina hilo linaandikwa kwa herufi mbili, na ya kwanza, ya joka, ina umbo la zamani na umbo jepesi la sasa. Uwanja wa ndege wa Kochi, ulioitwa kwa jina lake, unatumia la zamani. Shiba alitumia jepesi, na wasomaji wengi wanaichukua kuwa ni ishara: huyu ni Ryoma wangu, si yule aliyeuawa Kyoto mwaka 1867. Kwenye pendekezo lako umeyachanganya maumbo yote mawili ndani ya aya moja. Mjapani atakayeisoma ataacha kusoma hoja, atabaki kutazama herufi tu.

Na hili hukuhitaji kwenda Japani kulijua. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 mhusika anaitwa Kinjeketile, na mganga wa Ngarambe kwenye vitabu vya historia tunamwandika Kinjikitile. Katika utangulizi Hussein alieleza wazi kwamba mhusika wake ni kiumbe wa kubuni. Umeisoma sekondari, ukapata alama nzuri. Mbona kwa Shiba umesahau?

Sasa ile riwaya kubwa ya vita vya Japani na Urusi, iliyotoka 1968 hadi 1972, unayotaka kuijengea tasnifu nzima. Ndugu wawili Akiyama na mshairi Masaoka Shiki, vijana wa Matsuyama, wanapanda na taifa lao hadi vita vya baharini vya Tsushima, 27 na 28 Mei 1905. Umeandika kwamba Jenerali Nogi alishindwa kazi ya kuiteka ngome ya Warusi ya Port Arthur hadi jenerali mwenzake Kodama Gentaro alipokuja, akashika amri, akahamisha mizinga ya sentimita 28, na Kilima cha Mita 203 kikaanguka tarehe 5 Desemba 1904. Tarehe ni sahihi. Mizinga ilikuwepo. Lakini kwamba Kodama alimpokonya Nogi amri namna ile, wanahistoria wa kijeshi wamelipinga kwa muda mrefu, wakisema nyaraka za wakati ule hazionyeshi hivyo. Wajapani kama 60,000 waliuawa au kujeruhiwa katika mzingiro ule. Riwaya inahitaji mtu wa kubeba lawama ya damu yote hiyo, na Shiba alimpata. Wewe una kazi nyingine.

Fanya hivi. Chukua daftari, kila ukurasa uupige mistari upate safu tatu. Ya kwanza, sentensi ya Shiba na namba ya ukurasa wa toleo la Kijapani, siyo la Kiingereza, maana tafsiri hulainisha. Ya pili, hati ya wakati ule inayosema jambo hilo. Ya tatu, mwanahistoria aliyeijadili. Safu ya pili ikibaki tupu, sentensi hiyo iingie kwenye sura ya fasihi, isiguse sura ya historia. Hati za jeshi zinapatikana bure kwenye mtandao wa Kituo cha Kumbukumbu za Kihistoria za Asia, kilichofunguliwa 2001. Tafuta kwa maneno ya Kijapani yaliyotumika enzi hizo, vinginevyo utapata majibu machache ukadhani hakuna kitu. Wengi hukwama hapo.

Jihadhari zaidi na yale mafungu yanayoanza kwa maneno yake maarufu, "yodan da ga", yaani nitoke nje ya habari kidogo. Hapo mhusika anaachwa amesimama, Shiba anageuka kukueleza bei ya farasi, au ukoo wa fulani, au jinsi bunduki inavyojazwa. Sauti inakuwa ya mwalimu, na msomaji analegea. Kati ya tanbihi zako 11, tisa zimetoka kwenye mafungu ya namna hiyo. Mengi humo ni kweli. Alikuwa akinunua vitabu na hati kwa mizigo kupitia wauzaji wa vitabu vya kale, na nyumbani kwake alikusanya kama 60,000. Ila ukweli umelala kitanda kimoja na dhana, na yeye hakuweka mpaka kwa sababu hakuwa na wajibu huo.

Kuna jambo ningekushauri uliongeze, ukitaka. Manowari za Urusi zilizotoka Baltiki Oktoba 1904, zile zilizoishia Tsushima, zilitia nanga kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, kuanzia Januari hadi katikati ya Machi 1905. Zaidi ya miezi miwili katika joto la kaskazi, jirani na Ngazija, mabaharia wakipakia makaa ya mawe kutoka meli za Kijerumani mpaka sitaha zikajaa. Madagaska ilikuwa koloni la Ufaransa, kwa hiyo karatasi za makoloni zilizoko Aix-en-Provence zinafaa kutafutwa. Hapo ungemjua Shiba kwa upande ambao wenzako wa Osaka hawauoni kutoka kwao.

Umesifu mwanga wa riwaya ile, na mwanga upo. Enzi ya Meiji, ya vita vile na Urusi, kwake ni asubuhi, na enzi ya Showa ya kabla ya 1945 ni giza. Wajapani wana jina la mtazamo huo, wanauita "Shiba shikan", yaani historia kwa jicho la Shiba. Lakini vita vile viligombaniwa juu ya Korea na Manchuria, na Korea ikawekwa chini ya ulinzi wa Japani mwaka huo huo wa 1905, ikamezwa 1910. Kwenye kurasa 31 neno Korea lipo mara mbili. Hata Shiba aliogopa. Alikataa riwaya hiyo isifanywe filamu wala mchezo wa televisheni, akihofia ionekane inasifu vita. NHK, televisheni ya umma ya Japani, waliionyesha kati ya 2009 na 2011, yeye akiwa ameshafariki tangu 12 Februari 1996. Kama mwenye kitabu alikihofia hivyo, wewe unakibebaje bila woga?

Ukifika, nenda nyumbani kwake Higashiosaka. Kutoka Uehommachi panda treni ya Kintetsu ya Nara inayosimama kila kituo, shuka Yaenosato, tembea kama dakika nane. Jumatatu pamefungwa. Bustani kwanza: utaona chumba chake cha kuandikia kupitia kioo. Kisha jengo lililochorwa na msanifu Ando Tadao, lililofunguliwa 2001, lenye rafu ya mita 11 na vitabu kama 20,000, vya juu havifikiki. Tafuta miswada yake. Wino mweusi chini, na juu yake masahihisho ya penseli za rangi, mistari inazunguka maneno, inayavuta pembeni, inaandika upya. Kaa hapo muda mrefu. Utaona mtu anayechagua neno litakalomkaa msomaji, na utaelewa ninachokisema tangu mwanzo. Ndani humo dari lina doa kwenye zege, na watu wanasema linafanana na Ryoma. Ndivyo Shiba alivyowaachia macho.

Barua yake fupi kwa watoto wa karne ya 21, aliyoiandika kwa ajili ya kitabu cha darasa la sita, isome kwa Kijapani. Ni nyepesi, utaiweza.

Kitabu cha kwanza cha Shiba kuingia nyumba hii, ile tafsiri ya Kiingereza kuhusu Tokugawa Yoshinobu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi, wa mwisho, nimekikuta kwenye sanduku lako. Ukurasa wa mbele pameandikwa kwa wino wa buluu, "Soma ujue historia ya Japani." Mwandiko unaujua. Mtoto wa miaka 14 hawezi kulaumiwa kwa kuamini alichoandikiwa.

Fundi wa bati anakuja Jumamosi, stoo itafunguliwa juu. Niambie vitabu vipi vibaki na vipi achukue mdogo wako, ambaye kwa sasa hasomi kitu zaidi ya matokeo ya mpira. Ada yake ya muhula nimelipa nusu. Tangi la maji tumelihamishia upande wa mwembe, mama yako alikuwa sahihi, pale pa zamani udongo ulikuwa unatitia.

Sweta mbili, siyo moja. Mwisho wa Machi Osaka asubuhi bado ni baridi. Dawa zako za pumu ziambatane na karatasi ya daktari kwa Kiingereza, na uziweke kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku.

Bibi yako anauliza mbona hujamuaga. Ameshika mkoba wa karafuu na mdalasini wa kukupa, nimemwambia chakula kina masharti uwanja wa ndege, hataki kusikia. Nenda Pangani Ijumaa, ulale huko, urudi Jumapili. Pendekezo unitumie likiwa limesahihishwa kabla ya hapo, na zile tanbihi 11 nizione moja moja.

Baba yako