Mawe ya Brookwood

Mpendwa Mwakio,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Mama kanieleza kwenye simu ulivyompelekea mahindi. Ahsante sana, ndugu yangu.

Jumamosi nilipanda treni pale Waterloo, London, nikaenda Brookwood, kwenye makaburi ya wanajeshi. Mawe meupe yamepangwa safu kwa safu kama gwaride, na kila jiwe limepandiwa maua chini yake. Mtunza bustani mmoja akaniambia maua yale si pambo tu, yanazuia mvua isirushe tope kwenye maandishi. Nikabaki nimesimama. Mtu kafa miaka mia iliyopita, na hadi leo yupo anayehangaika jina lake lisichafuke.

Nilipitisha kidole kwenye herufi za jiwe moja. Juu nembo ya kikosi, kisha namba, cheo, jina, tarehe aliyofariki, umri, msalaba. Chini kabisa ni maneno ya familia, ambayo hayakutakiwa kuzidi herufi 66. Jiwe la jenerali ni kimo kile kile cha askari wa kawaida, sentimita 81. Tume ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, iliamua hivyo: waliokufa pamoja wakumbukwe sawasawa. Kanuni hiyo naipenda kwa moyo wote.

Kwetu haikufika, Mwakio. Unajua habari ya ndugu yake babu, aliyechukuliwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kubeba mizigo ya jeshi kwenda upande wa Mjerumani, asirudi. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza wanakadiriwa kuwa kama milioni moja, na waliokufa wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Pale Voi tulikua tukiyaona makaburi ya vita yakifyekwa na kutunzwa, lakini yeye sijui hata alilala pori gani. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa jiwe wala jina kwa sababu ya ubaguzi, ikaomba radhi. Watu waliketi ofisini wakaamua kwamba hawa hawahitaji mawe. Hilo linaniuma kuliko kama wangesahau tu.

Wewe hapo Nairobi unapita kila siku Kenyatta Avenue, penye zile sanamu tatu za ukumbusho wa vita hiyo. Siku moja simama usome. Imeandikwa kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayapo hapo. Wa Brookwood walichongewa yao. Wa kwetu waliachiwa watoto wayabebe, na huyu hakuacha mtoto. Babu ndiye aliyempa baba jina la nduguye, ndiyo maana hata mimi nalijua, kwa kuwa ndilo ninaloandika kwenye kila fomu huku.

Sasa nina ombi. Tume inaendelea kutafuta majina ya wapagazi. Desemba ukienda nyumbani, pitia Mwatate kwa shangazi, umuulize: alichukuliwa pamoja na nani? Maana hawakumchukua peke yake. Andika kila jina atakalokutajia, hata asilo na hakika nalo, na jina la baba yake mtu huyo, na kijiji. Nenda asubuhi, jioni huwa amechoka. Mpelekee na sukari kwa niaba yangu.

Wako,
Mwadime