Lori la polisi lilisimama wapi?

Mhariri,

Wiki jana nilikuwa ndani ya matatu, natoka Kariobangi kuelekea mjini, redio ikataja washukiwa waliofikishwa mahakamani siku hiyo. Abiria mmoja akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Kila siku ni majina ya hao hao. Hilo kabila ni la wezi, na takwimu hazidanganyi." Hakuna aliyemjibu. Mimi pia nilinyamaza, na kimya changu kimenikera tangu siku hiyo, kwa sababu majina hayo nimeyaita kwa mdomo wangu miaka na miaka.

Nilikuwa karani katika mahakama moja hapa Nairobi hadi nilipostaafu. Siku ngumu kuliko zote ilikuwa Jumatatu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, atangoja hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo waliobebwa na lori la polisi katika msako wa Ijumaa usiku hutufikia Jumatatu, na nguo zile zile walizokamatwa nazo. Mishipi na kamba za viatu huwa zimebaki kituoni. Nikiita jina, kijana aliinua mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshikilia suruali isianguke.

Mashtaka yenyewe yalikuwa kulewa na kuleta fujo, kuchuuza bila leseni, kupatikana na chang'aa. Nilisoma, kisha likafuata swali: ni kweli au si kweli? Wengi walijibu "ni kweli". Siku moja, kabla hakimu hajaingia, kijana wa mjengo aliniinamia akaniuliza kwa kunong'ona: "Mzee, nikisema gani ndiyo nirudi kazini leo?" Sikuruhusiwa kumshauri, nikainamia karatasi zangu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu mwenyewe. Ukisema "si kweli" unapewa tarehe ya kesi na dhamana ambayo hamna nyumbani, unapelekwa rumande Industrial Area, na msimamizi wa mjengo anachukua mtu mwingine asubuhi inayofuata. Ukisema "ni kweli" dada yako analipa faini na saa nane mchana uko nje. Akasema ni kweli. Kwenye faili ikaandikwa hatia, na hatia hiyo ndiyo iliyoingia katika hesabu ambazo abiria yule anaziita ushahidi.

Kuhusu majina kufanana, ni kweli yalifanana. Yalifanana kwa sababu lori lilisimama mtaa mmoja. Mitaa ya Nairobi haikugawanywa kwa bahati nasibu. Wakoloni waliwatengea Wazungu Muthaiga na Karen, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Pumwani na mitaa mingine ya Eastlands. Baada ya Uhuru kila mgeni mjini alipanga chumba karibu na binamu aliyemtangulia. Ndiyo maana ukifanya msako Eastleigh utapata Wasomali, na ukiufanya sehemu fulani za Kibera utapata Wajaluo, Waluhya na Wanubi. Mtu wa Lavington, mtaa wa matajiri, naye hunywa, hulewa, hutukana, lakini ndani ya geti lenye askari. Sijawahi kumwita Jumatatu.

Sisemi mitaani kwetu hakuna wezi. Nimeporwa simu mara mbili, mara zote hatua chache kutoka ploti ninayoishi. Mahali pasipo na kazi, pasipo na taa za barabarani, ambapo kijana amemaliza shule miaka mitano iliyopita na bado anasubiri, wizi huwa mwingi, na wanaoibiwa kwanza ni majirani zake. Lakini hiyo ni habari ya mtaa na umaskini wake. Damu na lugha ya mama haviingii hapo.

Anayeamini kwamba idadi ya waliokamatwa hupima tabia ya kabila akumbuke tarehe 24 Aprili 1954. Katika Operesheni Anvil, msako wa washukiwa wa Mau Mau, wanajeshi wa Kiingereza waliuzingira mji huu, wakawachuja watu kwa kabila: Wakikuyu, Waembu na Wameru huku, wengine wakaachiliwa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Kwa hesabu za mwezi huo pekee, Nairobi haikuwa na wahalifu wengine. Miaka 60 baadaye, Aprili vilevile, ikaja Usalama Watch, operesheni ya kusaka washukiwa wa ugaidi. Maelfu, wengi wao Wasomali, walitolewa Eastleigh na mitaa ya jirani, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. IPOA, mamlaka ya kuwasimamia polisi, iliichunguza na kusema haikufuata sheria.

Hata kitambulisho kimechangia. Kwa miongo mingi kijana Mnubi au Msomali alipigwa msasa wa ziada kabla ya kukipata, huku mwenzake wa kabila lingine akipeleka karatasi na kurudi kukichukua. Ukikaa bila kipande hadi miaka 22, kila kona yenye polisi ni hatari kwako. Rais William Ruto alitia saini Februari 2025 kuondoa msasa huo, na nimefurahi, ingawa waliolala seli kwa sababu yake hawatarudishiwa usiku huo.

Hata Marekani, utafiti wa takwimu za 2010 ulionyesha kwamba Mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.73 zaidi ya Mweupe kukamatwa kwa kupatikana na bangi, ilhali uvutaji wao ulikaribiana. Huko waliweza kuiona tofauti hiyo kwa kuwa waliweka hesabu mbili bega kwa bega: nani anatenda na nani anakamatwa. Sisi tunasikia moja tu, halafu tunamalizia wenyewe kwa kusikiliza majina.

Ninachoomba si kingi. Polisi watangaze kila msako ulifanyika mtaa gani, kwa kosa gani, wangapi walishtakiwa na wangapi waliachiliwa bila shtaka. Hayo yote tayari yamo katika vitabu vya OB, yaani vya kuandikia matukio kituoni, na mafaili ya mahakama. Na wewe Mhariri, gazeti lako likiandika Jumamosi kwamba vijana kadhaa wamenaswa, mtume mwandishi mahakamani Jumatatu akawahesabu tena.

Karani mstaafu,
Kariobangi Kusini, Nairobi