Barua kwa mwanangu anayejiandaa kwenda Bukavu

Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Mpango wako wa safari nimeusoma, nikampa baba yako naye akausoma, akacheka. Ijumaa usiku mko ndani ya bwato, Jumamosi mnakwenda kuona gorila, Jumapili kisiwa cha Idjwi, Jumatatu asubuhi uko ofisini Goma. Mama, watu wakikimbia hivyo huwa wanafukuzwa. Mimi nilizaliwa Bukavu, nikakulia mtaa wake wa Nguba mpaka nilipoolewa nikaletwa huku kwenye migodi, kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu utaamua na wenzako.

Tuanze na bwato la Goma hadi Bukavu. Barabara ya Sake, Minova na Kalehe achaneni nayo: ni karibu kilomita 200 za mashimo na vizuizi, wakati kwa maji ni kama kilomita 100. Najua wenzako wanataka kusafiri usiku kwa sababu biye, yaani tiketi, ni nafuu na mnalala humo humo. Mimi sikubali. Mtu anayevuka ziwa Kivu gizani amelipia kelele za mashine tu. Pandeni boti la asubuhi, na ukae upande wa kulia. Kushoto kwako kutakuwa na Idjwi, kisiwa kirefu hicho, kitakusindikiza sehemu kubwa ya njia. Lakini kulia ndiko kwenye utamu: jua linatokea upande wa Idjwi na kuipiga milima ya Kalehe, unaona mashamba ya mihogo yamepanda hadi juu kabisa, mabati ya nyumba yanameta, na akina mama wanateremka na vikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Ukigeuka nyuma mapema, kabla mawingu hayajashuka, utaiaga volkano ya Nyiragongo.

Jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie. Bado hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, bwato lililotoka Minova likazama pale bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiliangalia. Lilikuwa limejaza kupita kiasi. Ukikuta abiria wamekaa juu ya magunia na wengine bado wanapandishwa, shuka, hata kama umeshalipa.

Sasa gorila. Kahuzi-Biega ni fahari yetu, sikatai. Ni hifadhi tangu 1970, na UNESCO waliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1980. Lakini tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na wewe unajua bunduki zilizoko porini zilivyo nyingi. Hata siku za amani, gorila hawaendewi kwa haraka: unapanda mpaka kituo cha hifadhi cha Tshivanga, unamfuata kiongozi kwenye matope na miiba, na familia ya gorila ikiwa imehamia mbali, unatembea siku nzima. Ukitoka huko magoti yanatetemeka, kesho yake Idjwi utaiona ukiwa kitandani, kupitia dirishani. Viondoe vyote viwili. Siku ulizo nazo zipe mji.

Bukavu inataka miguu. Wenyeji wanasema ni mkono uliotumbukizwa ziwani, na vidole vyake vitano ndizo rasi zake. Kwa hiyo mji mzima ni kupanda na kushuka, na kila ukipinda kona ziwa linatokea pale ambapo hukulitarajia. Anzieni Place de l'Indépendance, mfuate avenyu Lumumba taratibu. Zitazameni nyumba za enzi za Wabelgiji, wakati mji ukiitwa Costermansville, zenye kona za mviringo na baraza zinazotazama maji. Nyingi zimechakaa, nyingine zimezibwa na vibanda, bado zina heshima. Ingieni Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix. Halafu msibaki huko chini, Ibanda, tu kama wageni wa mashirika. Pandeni Kadutu, sokoni. Huko juu ndiko watu waliko, na ukisimama kwenye ngazi za udongo kati ya nyumba mbili utauona mji wote chini yako. Viatu vyenye meno, tafadhali. Mvua ikinyesha njia zile zinateleza kama sabuni, na wamotari watakuambia bei ya huruma huku wakijua huna pa kwenda.

Kuhusu mvua: wenzako wanasubiri mwezi wa saba kwa sababu ni kiangazi. Kavu ni kavu, ndiyo, lakini kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, milima inafifia hata ya ng'ambo, Rwanda, huioni sawasawa. Mimi ningechagua mwezi wa tano mwishoni, mvua zinapoaga. Ikinyesha usiku, asubuhi yake kila kitu kimeoshwa.

Na tazama kalenda ya mwezi, usicheke. Wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wanatoka jioni na taa, samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwi na nguvu, sambaza zinapungua na bei inapanda. Nendeni mwezi ukiwa mdogo. Usiku mtaona taa zimetapakaa ziwani, alfajiri mtawasikia wakirudi wanaimba, kasia zikifuata wimbo. Mama mdogo, mtakayelala kwake, anazikaanga mpaka zinavunjika mdomoni, na pilipili pembeni na bugali ya moto. Hizo sambaza, kwa taarifa yako, asili yake ni Tanganyika, zililetwa Kivu miaka ya mwisho ya 1950. Ni ndugu wa ndagala za Kalemie ulizokuwa ukizikataa hapa nyumbani.

Kuogelea mnaweza. Mamba hakuna. Ile gesi ya methani inayowatisha watu iko chini sana ziwani, na wenzetu wa Kibuye, Rwanda, wanaichimba kutengeneza umeme. Ila ogeleeni mahali ambapo watoto wa pale wanaogelea.

Baba yako anasema usiende kabisa. Anakumbuka Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, ndege za uwanja wa Kavumu zikasimama na benki zikafunga. Mimi nasema muulize mama mdogo siku mbili kabla, yeye anaamka na habari za mtaa. Beba vitambulisho vyako halisi, dola zisizo na mpasuko hata kidogo, na salio kwenye pesa ya simu. Bandarini, kwenye vizuizi na kwenye daraja la Ruzizi la mpakani na Rwanda simu ibaki mfukoni. Picha utapiga ukiwa Nguba. Saa kumi na mbili jioni muwe ndani.

Mtalala kwa mama mdogo, hoteli sitaki kuisikia. Usiende mikono mitupu: mpelekee jibini ya Masisi, ile ya mviringo, na sukari. Wakati wa kurudi mwombe anianikie sambaza kidogo, uzifunge vizuri, ukipata mtu anayekuja Lubumbashi umpe. Baba yako hatazila, anasema zinamkodolea macho. Zote zitakuwa zangu.

Mama yako