Msitufunge, tulazimisheni kutaja aina ya mafuta tunayopima

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mafuta ya kupima yapigwe marufuku masokoni, kila mtu anunue ya chupa iliyofungwa kiwandani. Mimi nauza mafuta ya kupima hapa Ngamiani, Tanga. Meza nimeirithi kwa mama yangu. Anachokiogopa msomaji huyo, yaani mlaji kuuziwa mafuta asiyoyajua, nami nakiogopa, ila dawa aliyoitaja siikubali.

Wanaokuja kwangu jioni si watu waliokosa akili ya kwenda dukani. Ni mama anayetoka kibaruani na elfu mbili mkononi, na ndani ya hiyo elfu mbili kuna unga, dagaa, nyanya, kitunguu na mafuta ya mia tatu. Ukimwambia anunue lita nzima, siku hiyo hapiki. Marufuku haitamgusa mwenye gari. Itamgusa yeye, na mafuta ya kupima yatahamia vichochoroni, mahali ambapo afisa afya hapiti kabisa.

Ubaya wa biashara yetu uko kwingine. Mteja anafika, anasema "nipimie mafuta", muuzaji anachota, hela inatoka, basi. Ni mafuta ya nini? Yametoka wapi? Hakuna aliyeuliza wala aliyesema. Mimi nimezoea kumrudishia mteja swali: mwanangu, unakwenda kupika nini? Kwa sababu mafuta hayalingani, na anayeyauza anapaswa kujua tofauti yake kabla ya kushika kikombe.

Alizeti ninayoletewa kutoka Singida imekamuliwa kwa mashine ndogo na haijapita kiwanda cha kusafisha. Rangi yake nzito, ina harufu ya mbegu yenyewe, na mashapo hukaa chini ya dumu, kwa hiyo naliacha litulie siku kadhaa kabla ya kulifungua. Haya yanapendeza kwenye mchicha, kwenye maharage, hata kwenye kachumbari bila kuyapasha moto. Moto mkali hayauwezi. Ukiyajaza kwenye karai la chipsi yanatoa moshi mapema na chakula kinaingia uchungu. Kijana wa chipsi akija na hela yake namwambia wazi kwamba haya si yake, achukue yaliyosafishwa.

Na hayo yaliyosafishwa, yale ya madumu ya manjano yanayoletwa na meli, mengi ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia, yaliyotolewa rangi na harufu. Sina ugomvi nayo. Yanavumilia moto na bei yake mara nyingi ni nafuu. Nina ugomvi na kuyauza bila kusema kwamba ni mawese. Nina wateja wa Lushoto ambao huyanunua huku chini kwenye joto, wakifika kwao mwezi wa Juni au Julai wanaamka wanakuta nusu ya chupa imeganda, nyeupe. Simu inapigwa: mama, umetuchanganyia nini? Sijachanganya kitu. Ndiyo asili ya mawese, baridi ya Usambara inatosha kuyagandisha, wakati alizeti hubaki majimaji kwenye baridi hiyo hiyo. Mtu akijua amenunua mawese haogopi. Anaisogeza chupa karibu na jiko, anapika. Asiyejua anamwaga chakula kizima, na pengine anaanza kumtangaza muuzaji kuwa mchawi wa watoto wake.

Mwaka 2022 ulinionyesha jambo kubwa zaidi ya hilo. Bei ilikuwa imeshapanda tangu wakati wa Uviko, vita vya Ukraine vikaongeza, halafu mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasiuzwe nje. Zuio lenyewe halikufika mwezi mmoja. Wateja wangu wakawa wananiuliza, Singida kumetokea nini? Singida hakukuwa na lolote. Walikuwa wanapikia mafuta ya Indonesia kila siku na hakuna aliyewahi kuwaambia. Tunawaimbia wakulima wa Singida na Dodoma walime alizeti kwa wingi, ilhali mnunuzi mwenye nia njema ya kuwaunga mkono hana namna ya kujua kikombe chake kimetoka shamba gani. Hilo linaniuma, kwa sababu mkulima huyo ananitegemea mimi nimtaje.

Mawese mekundu ya Kigoma ni habari nyingine kabisa, ingawa mti ni ule ule. Haya hayajatolewa rangi. Watu wa Kigoma wanaoishi hapa Tanga, ambao kwao huyaita mise, wakisikia nimepata dumu wanakuja bila kuuliza bei, wanataka ya kupikia samaki migebuka na sombe, yaani kisamvu. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiwandani karotini inaondoka pamoja na rangi, na kanuni za mwaka 2011 zikataka mafuta ya viwandani yaongezewe vitamini A. Lakini vitamini hiyo haipatani na mwanga. Kiwanda kinaiweka, halafu sisi wauzaji tunayapanga mafuta kwenye chupa za wazi, juani, kutwa nzima, kando ya barabara na sokoni, ili yang'ae yavutie macho. Tafadhali wenzangu, wekeni kivuli. Gunia moja juu ya meza linatosha.

Kwenye mafuta ya nazi nitakaa kidogo, maana ndiyo niliyolelewa nayo. Unakuna nazi, unakamua tui zito, unaliacha usiku kucha. Asubuhi unaengua kile kilichopanda juu, unakibandika kwenye moto mdogo, na hapo hakuna kuondoka jikoni. Maji yanakauka taratibu, sauti ya sufuria inabadilika, mafuta yanajitenga, na chini yanabaki makapi ya kahawia ambayo watoto huyagombania. Haya ndiyo ya kumkandia mtoto mchanga na ya kupaka nywele. Wanaokamua kwa wingi hutumia mbata, nazi iliyokaushwa, na mafuta yake yana harufu tofauti kidogo. Aina zote mbili huganda likishuka joto chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa ya nywele kuganda alfajiri ya Julai hata hapa pwani ni jambo la kawaida.

Mafundi wa mashua nao ni wateja wangu wa nazi. Kabla ya kupigilia pamba ya kalafati kwenye nyufa za mbao, wanailoweka mafuta, ndipo inaingia na kuzuia maji. Zamani walihitaji pia sifa, mafuta ya ini la papa, ya kupaka mbao zisiliwe na jua na chumvi. Harufu yake ilikujulisha mahali jahazi lilipo kabla hujaliona. Siku hizi sifa naiona kwa nadra, na sifa ya kweli fundi mzee huijua kwa pua tu.

Lakini minazi yetu imepungua. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua mashamba mengi ya pwani, nazi imepanda bei, na mafuta yake yamekuwa kishawishi cha kuchanganywa na mawese meupe. Anayefanya hivyo anamwibia mama mwenye mtoto mchanga, na anamwibia pia mwanamke wa kijijini aliyekesha akiengua tui. Mafuta ya nazi safi yana mnunuzi wake anayejua thamani yake. Aliyechanganya aandike kwamba amechanganya, na auze kwa bei ya mchanganyiko.

Ufuta wa Lindi na Mtwara unanipita tu. Unauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, unapanda meli ukiwa mbegu, na mafuta yake yanakamuliwa ng'ambo. Nikipata chupa chache wanazimaliza wanaokanda viungo. Karanga hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Halafu yapo mafuta ambayo hayaingii chunguni kamwe. Nyonyo ni ya nywele na nyusi, na zamani wazee waliyanywa kwa kipimo kuendesha tumbo. Punje za mnyonyo zenyewe zina sumu kali na mtoto hapaswi kuzichezea. Mafuta ya karafuu yanatoka Pemba, ambako kiwanda cha Wawi huyapata kwa kuchemsha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kukusanya mvuke wake. Tone moja kwenye pamba hutuliza jino usiku mpaka upate daktari, lakini ukiyamimina yanababua fizi. Yote mawili nayaweka kabati la nyuma, mbali na vikombe vya kupimia, na chupa nimeziandika kwa wino mwekundu. Mafuta ya taa sitaki hata yakae chini ya meza yangu. Nimeona mahali faneli moja ikipita kwenye mafuta ya taa na ya kula, inafutwa kwa kitambaa tu kati ya mteja na mteja. Hilo peke yake lingetosha mtu kufungiwa.

Kuna pia oili chafu, ile inayomwagwa gereji. Watu wa ujenzi huipaka kwenye nguzo na papi kuzuia mchwa, wakati mtoto wa jirani anashika ile ile kwa mikono mitupu, na wapo wanaoipaka kwenye vidonda vya mbuzi. Si dawa. Imebeba masizi na vyuma vya injini. Na dumu lililobeba oili halioshwi likasafika kwa sabuni, hata ulisugue vipi, kwa hiyo lisirudi kwenye chakula. Mimi huvunja yale nisiyojua yalibeba nini.

Sitaacha kulitaja hili pia. Mafuta ya transfoma yamekuwa yakiibwa kwenye nguzo za umeme na kuingizwa kwenye makarai ya chipsi, kwa sababu hayachoki upesi kama mafuta ya chakula. Baadhi ya transfoma za zamani zilitiwa kemikali za PCB, sumu inayojikusanya mwilini na kubaki humo miaka. Mlaji hawezi kuijua kwa ulimi. Msomaji aliyetaka tufungwe, kama alikuwa na watu hawa akilini, tuko upande mmoja.

Sasa tazama serikali ilivyoshughulikia dizeli. Ilipoonekana wajanja wanaichanganya na mafuta ya taa, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta ya magari mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchanganyaji usilipe. Leo mkaguzi anachukua sampuli kituoni na anajua. Fundi pikipiki hamimini oili bila kusoma namba kwenye kopo. Injini inalindwa hivyo, na mimi nafurahi, maana mwanangu anaendesha bodaboda. Tumbo lake nalo lilindwe hivyo hivyo.

Ninachoomba hakihitaji maabara. Kila dumu lililofunguliwa mezani liwe na karatasi inayosomeka ukiwa umesimama mbele ya meza: mafuta ya nini, yametoka wapi, yamesafishwa au hayajasafishwa, dumu limefunguliwa lini. Kila aina iwe na faneli na kikombe chake. TBS, Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, litutolee maelekezo kwa Kiswahili cha wazi, na liwabane pia wa viwandani waandike aina ya mafuta kwa herufi kubwa upande wa mbele. Mara nyingi naigeuza ndoo mara tatu nikitafuta maandishi madogo yasiyosomeka bila miwani. Wakala wa Vipimo nao wavipime vikombe vyetu, maana kikombe kilichobonyezwa kitako ni wizi wa kila siku kwa mtu wa mia tatu.

Wenzangu watasema karatasi itafukuza wateja, kwamba mtu akisoma "mawese" atakimbia. Kwangu haijawa hivyo. Mwenye kukaanga maandazi anayachukua mawese kwa moyo mweupe akijua ndiyo yanayomfaa, na mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani anajua la kumuuliza daktari wake, kwa kuwa sasa ana jina la kumtajia.

Afisa wa halmashauri hupita sokoni kukusanya ushuru. Siku hiyo hiyo anaweza kukagua karatasi na faneli, haongezi hata safari moja. Jiji likitaka kujaribu kwa soko moja kwanza, lianze na letu. Wenzangu kadhaa tumezungumza na wako tayari.

Muuza mafuta ya kupima,
Ngamiani, Tanga