MRI safi siyo kwamba mkono mzima

Ndugu mhariri, nimesoma makala yenu ya juzi kuhusu mkono kujikunja ukishika kalamu, mkasema sasa kuna skani inayouonyesha ugonjwa kwenye ubongo. Mimi ninao mwaka wa tisa huu na naomba nirekebishe kidogo, maana kuna watu wataenda kukopa hela ya kipimo bure.

Mkono wangu uko hivi, nafunga vifungo vya shati, natunga uzi kwenye sindano, nachapa meseji bila shida yoyote, ila nikishika kalamu tu, hata mstari wa pili haujaisha, kidole cha shahada kinanyanyuka chenyewe, gumba linakandamiza mpaka kucha inakuwa nyeupe na kiganja kinapinda. Nikapigwa MRI ya kawaida, yaani picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, ikatoka safi, daktari akacheka eti punguza mawazo. Hapo ndo niliumia, maana kwenye distonia ya aina hii, yaani misuli kujikaza yenyewe bila mtu kutaka, MRI ya kawaida mara nyingi haionyeshi kitu, na siyo kwamba mtu anajifanya.

Sasa hiyo skani yenu nayo ni MRI, ila inafuatilia maji yanavyosambaa ndani ya ubongo, mbinu ya tangu 1994. Kwenye sehemu nyeupe, yaani zile nyuzi zilizovikwa mafuta zinazopeleka amri, maji hupita kirahisi kufuata urefu wa uzi kuliko kuukatiza, wanatoa namba kuanzia 0 hadi 1, ikikaribia 1 ujue yanafuata njia moja. Tafiti zimeona tofauti kwenye njia zinazoshuka kuelekea mkononi, sawa, lakini ni kundi la wagonjwa limelinganishwa na kundi la wazima, na majibu yenyewe hayafanani, kwingine namba imepanda kwingine imeshuka! Mgonjwa mmoja huwezi kumsomea kwa hiyo. Halafu kulazimisha mkono miaka yote nako kunaweza kubadilisha hizo nyuzi, kwa hiyo kipi kilianza?

Aliyenitambua mimi ni daktari wa neva, alinipa karatasi tu akasema andika, akakaa akaniangalia vidole. Tiba ipo, sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, ndo zilimsaidia mpiga piano Leon Fleisher wa Marekani miaka ya 1990, na vidole vyake vilianza kugoma tangu 1964.

Andikeni hilo kwa herufi kubwa kama mlivyoandika skani. Barua hii nimeichapa kwa simu, mkono ule ule.

Msomaji wenu