Mtoto asipimwe mwisho

Mhariri,

Tangu Nairobi ipate mashine za PET-CT, za kupiga picha ya saratani mwilini, wazazi wengi wa watoto wenye saratani tumeepuka safari ya India. Kwa hilo nashukuru. Ninalolalamikia ni foleni.

Mashine hii ni mbili kwa moja: CT huonyesha umbo la viungo, nayo PET huonyesha mahali ambapo seli zinakula sukari kwa pupa, kama zifanyavyo za saratani. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, akatulia kama saa nzima, ndipo apigwe picha. Kwa mtoto mwenye saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin, picha ya baada ya awamu za kwanza za kemo, yaani dawa za kuua saratani, humsaidia daktari kuamua iwapo ataepushwa tiba ya mionzi, ambayo yaweza kumletea saratani nyingine ukubwani.

Sasa, picha hiyo huharibika upesi. Mtoto akishikwa na baridi, mafuta fulani ya shingoni na mabegani huanza kuzalisha joto, nayo huifyonza sukari ile ile. Shingo inang'aa palepale tezi zenye ugonjwa hukaa. Akirukaruka, misuli inang'aa. Akila, ndiyo basi.

Binti yangu wa miaka 9 alikaa njaa tangu usiku, watu wazima wakiitwa mbele yake, hadi saa saba mchana, tena chini ya kiyoyozi. Nilimfunika leso yangu na sweta ya babake. Mvulana aliyeketi karibu nasi alipewa andazi na nyanyake, wakaambiwa warudi siku nyingine. Walikuwa wametoka Lodwar, mbali kaskazini mwa Kenya. Nyanya gani angevumilia kilio kile?

Nilipouliza, niliambiwa kwamba nguvu ya ile sukari yenye mionzi hupungua nusu kila dakika 110, na kwa kuwa dozi hufuata uzito, masalio ya mwisho humtosha mtoto. Hesabu hiyo ni ya chupa, si ya mtoto.

Naomba hospitali zenye mashine hizi ziwape watoto nafasi za kwanza asubuhi, ziwe na chumba chenye joto na blanketi, na zitume masharti ya kufunga kwa Kiswahili siku moja kabla, nyanya naye ayasome. Mionzi ya CT nayo ipunguzwe kulingana na mwili wa mtoto, na asirudiwe CT kamili ikiwa anayo ya juzi.

Mama wa mgonjwa,
Eldoret